Korongo wa Vichwa Chini

Kila mkate wa dukani una ncha mbili, na nyumbani kwetu Troyeville ncha ya kwanza ilikuwa na mwenyewe. Asubuhi, kabla sijafunua cherehani, niliweka chai mezani, nikakata mkate, nikaishika ile ncha juu na kumwambia binti yangu Murielle, "Leta kimoja."

Maana yake alete kitu kimoja kidogo alichokiona jana kikamfurahisha. Si habari kubwa. Na akilete kwa Kiswahili, kwa sababu Murielle alizaliwa hapa hapa Johannesburg, na ukimwachia atakujibu kwa Kiingereza kutwa nzima. Mama yangu alitufanyia hivyo kule Lubumbashi tulipokuwa wadogo, hata siku ambazo mkate wenyewe haukuwapo na zawadi ilikuwa kipande cha muhogo.

Murielle alikuwa na miaka kumi na miwili, na macho yake hayakupitwa na kitu. Siku moja alileta mzee wa spaza, kile kiduka cha pale kona, anayeisalimia mikate yake kabla hajaanza kuiuza. Siku nyingine alileta wale ndege wakubwa wa kijivu wanaopiga kelele juu ya mabati alfajiri. Aliwakuta wawili wanakunywa maji ndani ya tairi.

"Walikuwa wanapokezana, Mama," alisema. "Mmoja anakunywa, mwingine anamwangalia paka."

"Na paka alisemaje?" aliuliza Bi Biubwa.

"Paka alijifanya ana shughuli nyingine."

Tulicheka, nikampa ncha yake. Bi Biubwa ni mwanamke wa Tanga ambaye tulishona pamoja katika chumba cha mbele. Mimi nilikata na kuunga, yeye alipiga pindo na vifungo. Alifika saa moja kamili kila asubuhi, na nadhani hakuja mapema kwa ajili ya pindo. Alikuja kusikia kimoja cha Murielle.

Basi ikafika Novemba ya mwaka 2017, na kazi ikaja kama mvua ya mawe. Miezi mingi nyuma nilikuwa nikishona shweshwe, kile kitambaa cha nakshi ndogo ndogo wanachokivaa akina mama wa hapa kwenye harusi zao. Shweshwe haina juu wala chini. Ukiigeuza, ni ile ile. Mikono yangu ilikuwa imeshaizoea.

Ndipo akaja Papa Théodore, kiongozi wa kwaya ya kanisa letu. Kwaya ilikuwa inatimiza miaka kumi, na waimbaji ishirini na wawili walitaka magauni na vilemba vya kikwembe kimoja, yaani kitenge. Akafungua mzigo juu ya meza yangu. Kilikuwa kitambaa cha buluu, na ndani yake korongo weupe, kila mmoja mrefu kama mkono wangu, wanatembea kati ya matete.

"Mama Murielle," alisema, "hiki kimesafiri kwa basi siku tatu kutoka Lubumbashi. Kingine kama hiki hakipo, niliulizia. Ukikiharibu, Jumapili ya sikukuu tutaimba tumejifunga shuka."

"Papa, mimi nimeanza kushona kabla wewe hujaanza kuimba."

"Ndiyo maana nimekuja kwako," alisema.

Lakini moyo wangu haukutulia tena. Usingizini niliona shuka ishirini na mbili.

Sehemu za mbele nilizikata moja moja, taratibu. Asubuhi ya pili, za nyuma nikataka zitoke haraka. Nikakipeleka kitambaa na kukirudisha, tabaka juu ya tabaka, kama nilivyozoea kufanya na shweshwe, ili mkasi mmoja ukate nguo nyingi. Murielle alikuwa ameinama kando ya meza anafunga kamba za viatu, macho yake sawasawa na ukingo wa meza.

"Mama, nina kimoja," alisema. "Cha hawa ndege."

"Si leo, Murielle. Chukua ncha yako uende."

"Lakini kinachekesha, Mama. Hawa wa chini wana—"

"Murielle. Mambo madogo yatasubiri. Hii ni kazi kubwa."

Akaniangalia, akaangalia kitambaa, akaniangalia tena. Ncha aliiacha kwenye sahani. Mimi nikakata.

Kuanzia siku ile sikusema tena "leta kimoja". Nilijiambia ni wiki moja tu. Wiki moja ikawa mbili. Nilimkatia mkate bila kumtazama, chai nikainywa nimesimama, na alipoaga nilijibu huku pini zimejaa mdomoni. Kwa nini nyumba ilikuwa baridi wakati nje jua linawaka, sikujua. Nilidhani ni uchovu.

Kisha nikaona kwamba Murielle haongei. Nikimuuliza jambo ananijibu "fine", basi. Na siku ya Jumatatu, wiki ile ile ya sikukuu, akaleta barua ya mwalimu wake. Mwalimu aliandika kwamba Murielle, aliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono, sasa amenyamaza darasani. Je, kuna tatizo nyumbani?

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa. Tatizo gani? Nilimshika paji la uso, halikuwa na joto. Nilipekua mkoba wake, nikakuta vitabu na ganda la chungwa. Nikafikiri labda shuleni wamemtukana kwa sababu sisi ni wageni.

"Kuna mtu amekuita kwerekwere?"

"Hapana, Mama."

"Kuna mtu amekugusa? Amekutisha njiani, pale kwenye robot, kwenye taa za barabarani?"

"Hapana, Mama."

"Sasa una nini?"

"Sijui," alisema, na nikaona kweli hajui. Alikuwa amepotea kama mimi.

Jumatano nikaiacha kazi nikampeleka zahanati. Tulipanga foleni asubuhi nzima. Nesi akamsikiliza kifua, akamtazama ulimi, akasema mtoto mzima huyu. Badala ya kufurahi nilizidi kuogopa. Ugonjwa usio na jina ndio mbaya.

Tuliporudi, Bi Biubwa alikuwa anapiga pindo. Hakuinua kichwa.

"Mama Murielle, huyu mtoto umemnyima nini?"

"Nimnyime nini mimi? Anakula, anavaa, viatu vyake vipya."

"Sijauliza tumbo wala miguu," alisema, na akakata uzi kwa meno. Sikumwelewa. Nilikasirika kidogo, nikaendelea na mikono ya magauni.

Alhamisi mchana nikaanza kuunga sehemu za nyuma. Gauni la kwanza likatoka zuri. La pili nikampa Bi Biubwa alitundike. Akalitundika, akarudi nyuma hatua mbili, akainamisha kichwa upande.

"Hebu niambie," alisema. "Hawa korongo wa kwenu Kongo, huko hutembea kwa vichwa?"

Nikatazama. Mbele, korongo walikuwa wanatembea vizuri kati ya matete. Nyuma, miguu ilikuwa juu na midomo imeelekea sakafuni. Nikachukua sehemu ya tatu, nzuri. Ya nne, vichwa chini. Nikazitandaza zote. Kumi na moja nzima, kumi na moja zimepinduka, kwa sababu kila nilipokirudisha kitambaa niliwarudisha na korongo. Kitambaa chenye ndege wa kusimama nilikikunja kama shweshwe.

Nilikaa chini palepale sakafuni. Ilikuwa Alhamisi. Papa Théodore alikuwa anakuja Ijumaa saa kumi. Na kingine kama hiki hakipo.

Murielle aliporudi kutoka shule alinikuta hivyo, vipande vimenizunguka. Aliweka mkoba chini polepole.

"Mimi niliwaona," alisema.

"Uliwaona lini?"

"Ile siku ulipokunja. Nilikuwa nakuletea."

"Ukaniacha nikate?" Sauti yangu ilipanda. "Umekaa na jambo hili wiki mbili nzima?"

Machozi yakamtoka. "Ulisema ni jambo dogo. Nikafikiri unajua. Nikafikiri labda nguo za kwaya ndivyo zilivyo. Halafu hukuniuliza tena kimoja, nikafikiri vyote ninavyoona ni vya kijinga. Nikaacha kuangalia."

Nikaacha kuangalia. Wiki mbili nilikuwa nikitafuta ugonjwa kwenye paji la uso na kwenye mkoba, kumbe nilikuwa nimeusema kwa mdomo wangu mwenyewe, huku nimeshika mkasi.

Bi Biubwa alimvuta Murielle akamkalisha karibu naye. "Futa machozi, mwanangu. Si kwa hicho, hicho ni cha watu."

Lakini Murielle alikuwa ameshajifuta kwa kipande kimoja cha wale waliopinduka. Akakitazama kwa aibu, akajaribu kukikunja vizuri, na ndipo mikono yake ikasimama. Akakizungusha kichwani, akakifunga fundo mbele kama anavyoniona mimi Jumapili.

"Mama, vilemba umeshavikata?"

"Bado. Kitambaa chake kiko pale kwenye rafu."

"Niangalie basi. Hapa nani anajua korongo yuko juu au chini?"

Nikamwangalia. Juu ya kichwa chake kulikuwa na bawa hapa, mguu pale, tete moja juu ya sikio. Kilemba hukunjwa na kupindwa, ndege hawana juu wala chini. Nikainuka nikaenda kwenye rafu. Kitambaa cha vilemba kilikuwa kizima, na kutoka humo sehemu kumi na moja mpya za nyuma zingetoka, pamoja na vilemba kumi na moja. Na zile zilizopinduka, kila moja nikiiongezea kipande pembeni, zingekuwa vilemba kumi na moja vilivyosalia.

"Eish," alisema Bi Biubwa, ambaye neno hilo alilijifunza hapa na hulitunza kwa mambo makubwa tu. "Chukua mkasi, Mama Murielle. Na safari hii mwache mtoto atazame kwanza."

Safari hii nilikata moja moja, na Murielle aliinama ukingoni mwa meza, akihesabu vichwa. "Juu," alisema kila mara. "Juu. Juu." Ijumaa saa tisa na nusu kilemba cha mwisho kilikuwa kimekunjwa.

Papa Théodore alipokuja nilimwambia kabla hajaketi. "Papa, vilemba kumi na moja vina mshono pembeni. Nilikata vibaya kwa haraka zangu, nikarekebisha. Sitaki uuone mwenyewe baadaye."

Alishika kimoja akakigeuza huku na huku mpaka akauona. "Huu? Mama Murielle, nani atauona huu kanisani?"

"Huyu," nilisema, nikamwonyesha Murielle.

Akacheka mpaka kofia ikamteleza. "Basi huyu akae viti vya nyuma kabisa, asikae mbele," alisema, na akachukua mzigo wake akaenda.

Alipoondoka, Bi Biubwa alizima cherehani yake akageuza kiti kutuelekea sisi wawili.

"Nisikilizeni," alisema. "Mama Murielle, wewe ulidhani furaha ndogo ni ya siku za nafasi, kazi ikizidi unaiweka kabatini. Lakini jicho linaloona ndege akinywa maji kwenye tairi ndilo hilo hilo linaloona kitambaa kimepinduka. Huna jicho la pili la kazi. Ukilifumba kwa hiki, umelifumba na kwa kile. Na wewe, Murielle, mtu mzima akikwambia jambo lako ni dogo, liseme mara ya pili, kwa adabu, hadi likamilike. Huenda ana haraka. Huenda amechoka. Usidhani anajua kila kitu kwa sababu ni mkubwa. Umemwona mama yako."

"Nimemwona," alisema Murielle, na hakucheka sana.

Ninayaandika haya kwa watoto wanaosoma, na kwa mama zao ambao labda watasomewa. Nilikaribia kupoteza kitambaa cha watu. Hicho kingelipwa. Macho ya mtoto yakishafumbwa, sijui duka la kuyanunulia.

Jumatatu asubuhi niliweka chai, nikakata mkate. Kabla sijainua ncha, Murielle aliichukua yeye, akaishika juu.

"Leo wewe, Mama. Leta kimoja."

Nilibabaika. Wiki mbili sikuwa nimeangalia kitu ila pini. Bi Biubwa alikuwa mlangoni, kiatu kimoja mkononi, anangoja. Kisha nikakumbuka.

"Jana kanisani," nilisema, "kwaya iliposimama katikati ya watu, nyuma ya mwimbaji mmoja kulikuwa na mama amempakata mtoto wa mwaka mmoja hivi. Yule mtoto akaona korongo mgongoni mwa gauni. Akanyoosha kidole, akamgusa mdomo. Halafu akachukua biskuti yake, akaiweka hapo mdomoni, amlishe."

Murielle alifikiri kidogo, kama hakimu.

"Angekuta miguu," alisema, "angemlisha wapi?"

Akanipa ncha.