Malaika wa Kwenye Simu

Walikutana benki, foleni imefika mlangoni. Msusi, kajipigilia gauni la njano, daftari la darasa lake la Kiitalia mkononi, alikuwa akinong'ona somo ili asisinzie. Mwanamume wa nyuma yake, shati la bluu lililonyooshwa likanyooka, akalichungulia daftari, akadakia:

"Mkazo uweke mwisho, dada. Par-le-REI. Ningezungumza."

"Na wewe nani kakuita?"

"Mimi ndiye mwalimu wenu mpya."

Msusi akacheka mpaka watu wakageuka. Haukupita muda, wakawa wapenzi.

Kwenye simu, asali tupu: "Malaika wangu, umekula?" Darasani sasa! Mwalimu yule alifundisha kwa makofi: kila silabi kofi dogo, yenye mkazo kofi kubwa. Wengine wakikosea, anawachekea. Msusi akikosea, anasimamishwa mbele.

Siku hiyo neno lilikuwa "wangezungumza". Par-le-REB-be-ro. Msusi akapiga kofi kubwa mwisho.

"Kofi kubwa ni la tatu! Rudia."

Akarudia, akakosea tena. Darasa likaangua kicheko.

"Rudia!"

Jamani! Mtu wa kukuita malaika asubuhi, mchana akufanye kichekesho? Msusi alibeba mkoba wake akatoka, machozi ya hasira yanamchoma.

Jioni simu ikaita.

"Kipenzi, niliogopa watasema nakupendelea."

"Kwa hiyo ukaona bora unionee?"

"Nilitaka kutenda haki."

"Haki gani hiyo? Sema tu unanionea haya, kwa sababu mimi ni msusi!"

"Haki ya Mungu, sikuonei haya."

"Basi kawaambie wao, usiniambie mimi." Akakata.

Kipindi kilichofuata alikwenda. Masomo ni yake, aache kwa ajili ya mwanamume? Akakaa nyuma, uso kaukunja. Mwalimu akaingia, jasho linamtoka.

"Juzi nilimwonea huyu dada," akasema. "Nampenda, nikaogopa maneno yenu. Nimeomba mwalimu mwingine awachukue. Na kama atakubali, nataka kumuoa."

Darasa likalipuka kwa vigelegele. Msusi akasimama, mikono kiunoni.

"Yaani umenisimamisha mbele za watu tena!"

"Si ulisema niwaambie?"

"Kuwaambia, sawa. Lakini swali la kunioa ni la kwangu, si la darasa zima! Toka nje, uniulize vizuri."

Mwalimu akatoka mbio. Msusi akamfuata koridoni, akaufunga mlango nyuma yake. Mwalimu akamuuliza.

"Ndiyo," msusi akajibu. "Na bado nimekukasirikia."