Mkanda wa Mafundo Elfu

Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya milima Tomeyo alipotoka kwenda kununua tofu, jibini ya soya. Mwanawe, Eikichi, alimkataza. Tangu arudi kutoka vitani Uchina na mguu mbovu, giza likianza kuingia alitaka mlango ufungwe, asitoke mtu. Hakusema kwa nini. Kijijini walimwita shujaa. Nyumbani alikula kaegemea ukuta, macho mlangoni.

"Narudi sasa hivi," Tomeyo alimwambia.

Darajani alisimama mwanamke mwenye mtoto mgongoni, kashika kitambaa cheupe. Tomeyo hakushangaa. Siku hizo kila njia panda ilikuwa na mwanamke wa namna hiyo, akiomba kila mama apitaye amfungie fundo la uzi mwekundu, mpaka yatimie elfu, askari wake ajifunge mkanda huo tumboni risasi zisimpate. Tomeyo ndiye waliyemtafuta zaidi, maana katika kalenda yao alizaliwa mwaka wa chui milia, mnyama aendaye mbali akarudi. Na kukataa... nani angethubutu? Ungeitwa msaliti kabla hujafika kwako.

"Mama, nisaidie," mwanamke alinong'ona. Matamshi yake hayakuwa ya huko.

Tomeyo alipokea sindano. Kitambaa kilikuwa kimelowa. Kilinuka moshi, na ndani ya moshi, harufu nyingine... kama chuma.

Mtoto hakujitikisa hata kidogo.

Alipapasa mahali pa kushona. Palikuwa na mafundo yaliyosokotwa kuelekea kushoto, mara mbili mbili. Yeye peke yake ndiye aliyefunga hivyo. Ulikuwa mkanda wa Eikichi, ule aliosema umechukuliwa na mto.

"Umeupata wapi?"

Mwanamke alipandisha mikono ya nguo yake. Alama nyeusi zilizunguka vifundo vya mikono, zimezama nyamani.

"Alinifunga nao."

Chini ya daraja maji yalipita.

"Uliomba arudi," mwanamke alisema, bila hasira. "Karudi. Nasi tumemfuata."

Tomeyo alipoinua macho, daraja lilikuwa tupu.

Alifika nyumbani akihema, mikono mitupu. Eikichi alimtazama mara moja tu.

"Umemwona."

Tomeyo alimuuliza amefanya nini huko vitani. Eikichi alisimulia vipande vipande: kijiji, amri ya ofisa, nyumba zilizochomwa, mwanamke aliyejificha kwenye ghala la mtama. Alipofika kwa mtoto, alinyamaza. Tomeyo hakumsukuma aendelee. Aliogopa jibu kuliko alivyouogopa ukimya.

Chai ilikuwa haijachemka mlango ulipoanza kukwaruzwa.

Chini kabisa. Kimo cha mtoto anayetambaa.

"Usifungue, mama."

Kwaru... kwaru... Kisha kimya, kisha tena. Eikichi alijifunika uso kwa viganja, akaanza kuomba msamaha kwa maneno ya kigeni ambayo Tomeyo hakujua kwamba anayajua.

Siku chache baadaye Matsue, mkuu wa kina mama wa kijiji, alileta kitambaa cha kitinda mimba wake, Sadao, aliyeitwa jeshini. Tomeyo alikirudisha.

"Sitashona."

"Mama Eikichi, unajua unachokisema?" Matsue aliuliza polepole. "Wako karudi. Wangu asirudi?"

Tomeyo alimwambia amzuie Sadao asiende. Matsue alikikunja kitambaa, akatoka bila kuaga. Tangu hapo hakuna jirani aliyemsalimu.

Hata hivyo, siku ya kuwasindikiza vijana alikwenda stesheni, akasimama nyuma ya watu. Bendera zilipepea, wazee wakapaza sauti, Sadao akacheka dirishani, mashavu mekundu kwa baridi.

Ndipo Tomeyo alipotazama ng'ambo ya reli.

Walikuwa wamejaa pale, wanawake asiowajua, nywele zimelowa, wengine na watoto mgongoni. Walikuwa wakiwatazama vijana usoni, mmoja baada ya mwingine, bila haraka, kama mtu anayeshika sura asije akaisahau.

Treni ikapiga honi.