Gundi ya Mkwaju wa Misumari

Gundi haikukauka. Mwezi wa Chittirai pale Thanjavur, kusini mwa India, jua halina huruma, sari ikianikwa hukakamaa kabla mwenyewe hajafika mlangoni, na mafundi wa picha za miungu huupenda mwezi huo kwa sababu hiyo. Lakini ubao wa Rangaraju ulikuwa na siku ya tatu umeegemezwa ukutani, na kila mkewe Thayal alipogusa kitambaa kilichobandikwa juu yake, kidole kilirudi kimelowa.

"Umeipika vibaya," Rangaraju alisema.

"Miaka thelathini na moja nakupikia gundi, Baba Sevanthi. Leo ndiyo nimesahau?"

"Basi mbegu zako zilikuwa mbovu."

Thayal akachukua sufuria akaenda kuiosha. Na mama yule hakuwa mtu wa kuacha neno lipite, hasa la mumewe.

Mbegu za ukwaju ndizo anazozijua. Huzikaanga, huzimenya, huzisaga na kuzichemsha mpaka ziwe rojo linaloshika kitambaa kwenye ubao wa mfenesi. Kazi inayofuata ni ya Rangaraju: kuumua nakshi kwa rojo la chokaa na gundi, kulaza dhahabu, kupachika vijiwe vya rangi, kupaka. Ubao huu haukuagizwa na mtu. Ulikuwa wa mungu Krishna akiwa mtoto, kibonge, ameshika donge la siagi, na ungetundikwa mkabala na kitanda cha binti yao Sevanthi, ili afungue macho kila asubuhi amwone mtoto mwenye afya.

Sevanthi alikuwa na mimba ya miezi minane. Mbili za mwanzo zilitoka. Hii ya tatu ilifika hadi siku ya kuvishwa bangili, ndugu wakamjaza mikono miwili kwa bangili za kioo, kijani na nyekundu, kisha akarudi kwa mama yake kujifungua kama ada inavyotaka. Thayal alikuwa akizisikia zile bangili nyumba nzima, na kila zilipolia alishukuru.

Siku ya nne, jua likiwa utosini, Thayal alizisikia karakanani.

"Sevanthi, toka humo, harufu ya rangi itakuchefua."

"Niko huku nyuma, Amma," Sevanthi alijibu kutoka uani. "Nakula maembe yako mabichi, usinipigie kelele."

Bangili zikalia tena ndani. Thayal alisukuma mlango. Hapakuwa na mtu, ila harufu tu, ya ukwaju mbichi na maziwa yaliyochacha, na kwenye ubao, karibu na mguu wa yule Krishna wa penseli, palikuwa pamevimba mahali. Rangaraju alikuwa bado hajaweka rojo lolote la nakshi.

"Unyevu huo," mumewe alisema alipoonyeshwa, lakini sauti yake haikuwa na uhakika.

Kesho yake, saa sita, uvimbe ulikuwa goti. Goti la mtu mzima, lililokunjwa kama la mwanamke aliyekaa chini. Rangaraju alichukua kisu chake cha nakshi, akatukana kidogo, akaanza kulikwangua. Chumba cha pili Sevanthi akapiga yowe. Walimkuta kalala sakafuni ameshika goti lake, na ngozi imechubuka kwa mistari minne iliyonyooka, myembamba, ya upana wa kile kisu.

"Amma," alinong'ona, "mtoto hachezi."

"Amelala tu."

"Jana jua liliposimama, alitulia. Jioni akarudi. Leo ametulia tangu asubuhi. Amma, usinidanganye, nilishawahi kubeba waliotulia."

Thayal alimkumbatia. Usiku ule hakulala. Siku ya sita paja lilifuata goti, na mkono ukachomoza pembeni, mkono mnene wa nakshi wenye mikunjo ya bangili, ukielekea kwa Krishna mtoto polepole, na Rangaraju, mtu aliyechora miungu maisha yake yote bila mkono kumtetemeka, alikaa mbele ya ubao wake akilia kimyakimya, kwa sababu hakuweza kuukwangua na hakuweza kuuchoma.

Wakamwita Muniyandi, mganga wa madhabahu ya mungu-mke wa kijiji. Alikuja na ngoma yake ndogo ya mkononi na mfuko wa majivu, akamkalisha Sevanthi mbele ya ubao saa sita kamili, akapiga. Hakupiga sana. Kichwa cha Sevanthi kikaanguka kifuani, na sauti iliyotoka haikuwa yake, ilikuwa nzito na ya uchovu.

"Acha kelele. Nimechoka."

"Nani wewe?"

"Ponnuthayi. Miezi minane."

"Unataka nini kwa binti wa watu?"

"Nataka kutua. Mzigo umenielemea, baba. Mgongo unakatika. Huyu ana pa kuweka. Wake atoke, wangu nimweke."

Muniyandi aliacha ngoma, akatoa wembe na msumari mrefu. Kazi yake ilikuwa nyepesi, alieleza: hukata kishungi cha nywele za aliyepandwa, akakipigilia kwenye mkwaju pepo alikotoka, na pepo hubaki hapo. "Mkwaju upi?" aliuliza. "Mbegu za gundi hii zilitoka wapi?"

Rangaraju alimtazama mkewe.

"Za sokoni zilikuwa na wadudu," Thayal alisema. Sauti ilimtoka kidogokidogo. "Mkwaju wa kwenye mfereji... ule walioukata kupanua barabara. Ulikuwa umelala chini, maganda yametapakaa. Niliokota kikapu kizima. Niliiona misumari, Baba Sevanthi. Niliiona na nywele zake. Nikajiambia mbegu ni mbegu."

Hakuna aliyemkaripia, na hilo lilimuuma zaidi.

"Mti haupo, basi sina pa kupigilia," Muniyandi alisema. "Na lile jiwe lililokuwa chini yake?"

Thayal alilikumbuka. Nani asiyelikumbuka? Mwanamke akifa na mimba, watu wake husimamisha mawe mawili na kulaza bamba la jiwe juu yake, kimo cha kifua, kando ya njia. Mpita njia mwenye mzigo kichwani hutua hapo bila kuomba msaada, akapumua, akaendelea, na kila mzigo unaotuliwa humpunguzia marehemu wa kwake. Thayal mwenyewe alikuwa ametua kuni pale mara nyingi alipokuwa msichana, bila hata kuuliza jiwe ni la nani.

"Tingatinga lililisukumia mferejini," Rangaraju alisema.

"Basi wamemnyang'anya vyote viwili." Mganga alianza kufunga mfuko wake. "Paja la pili likikamilika atakuwa amepata pa kukaa. Naona ni kesho. Mama, mimi sidanganyi watu. Siwezi."

"Unakwenda wapi? We mzee, unakwenda wapi?" Thayal alimshika shuka. "Mwanangu anakufa, unafunga mfuko!"

"Mtafutieni pa kutua," alisema, akajitoa mikononi mwake taratibu.

Alfajiri Rangaraju aliwachukua vibarua wawili wa barabarani wakashuka kulitafuta lile bamba kwenye mfereji, ambao mwezi ule ulikuwa mkavu. Thayal alibaki na binti yake, mkono juu ya tumbo lile lililotulia kama gunia la mchele. Paja la pili lilipoanza kuumuka, aliweka kata kichwani, akajitwika ubao na kutoka peku kuelekea palipokuwa na lile jiwe.

Hapo nyumbani ubao ulikuwa mzigo wa mtu mmoja, lakini alipopita kisima shingo ilianza kumuuma, na alipofika kwenye lami mpya iliyomuunguza nyayo ulikuwa mzito kama mtu aliyekaa juu yake, na kwa kweli alimsikia huyo mtu, alisikia pumzi fupi za mwenye mimba na bangili zikigongana juu ya utosi wake, na maji yenye harufu ya maziwa yaliyochacha yalimtiririka masikioni na shingoni, naye akawa anaita jina la Krishna na jina la binti yake bila kujua lipi ni lipi, akijua jambo moja tu, kwamba akianguka Sevanthi naye amekwisha.

Rangaraju alikuwa amekaa kando ya barabara, vumbi mpaka kiunoni. Bamba lilikuwa chini mbele yake, limepasuka katikati. Mawe ya kulibebea yalikuwa yamezikwa chini ya lami.

"Nimechelewa," alisema. "Mama Sevanthi, nimechelewa."

"Nitue!"

Alishika ubao, na vibarua wakashika. Watu watatu walivuta na haukunyanyuka hata unywele. Magoti ya Thayal yalikuwa yanakunjika.

"Ponnuthayi," alisema basi, kwa sauti ya chini, kama wanawake wanavyozungumza wenyewe kwa wenyewe. "Mwanangu, mimi ndiye niliyekuokota. Yule hana kosa. Kama huna pa kutua, tua kwangu. Mimi nitakubebea."

Bangili zikanyamaza. Ubao ukawa ubao. Rangaraju aliushusha kwa mkono mmoja, akapitisha kiganja juu ya kitambaa: kikavu, sawasawa, hakuna goti wala mkono. Na nyumbani, jirani aliwaambia baadaye, saa ileile Sevanthi alipigwa teke la ubavu akacheka huku analia.

Alijifungua mtoto wa kike mwezi uliofuata, mweusi mwenye sauti kali. Bangili zake zote alimpa mkunga, kama ada. Krishna alitundikwa mkabala na kitanda, ana dhahabu shingoni na siagi mkononi, kazi nzuri kuliko zote za Rangaraju. Yeye alikuwa akitafuta mawe mapya ya kuliinua lile bamba, hakuharakisha. Aliona mambo yamekwisha.

Siku ya kumi na moja baada ya uzazi, jua likiwa utosini, Thayal alikuwa amekaa chini na mjukuu wake mapajani. Sevanthi alikuwa anasinzia kitandani.

"Amma," alisema bila kufumbua macho, "umevaa bangili?"

Thayal, mwenye miaka hamsini na sita, hakuwa na bangili hata moja mkononi. Alimsogeza mtoto taratibu mpaka magotini, mbali na tumbo lake, akaweka kiganja tumboni mwake, pale mtoto alipokuwa ameegemea. Ndani, mara mbili, kitu kikampiga teke.

"Ndiyo, ni mimi," alisema. "Lala, mwanangu."