Tarumbeta Nje ya Geti

“Rudi nyuma kidogo, shemeji! Bado uko karibu!”

Kyengo alikuwa dirishani kwake Ruiru, mkono mmoja juu ya piano. Absalom akarudi nyuma na tarumbeta yake, akapita geti, akasimama kando ya mtaro.

“Hapa?”

“Hapo sawa! Nataka usikike kama mtu anayetoka mbali kuja kwa mpenzi wake. Klarineti ikikuita, jibu. Na usiingie mpaka nikuite!”

Basi kila Jumatano Absalom akawa anajibu. Alipuliza kwa mapenzi hadi kuku wa jirani wakagoma kutaga na mbwa wa mtaa wakajifunza sauti ya pili. Msimcheke. Muziki ulikuwa wa harusi yake mwenyewe. Kyengo, aliyekulia kijiji kimoja na bibi harusi, Wavinya, aliutunga kama zawadi: piano, fidla, selo, klarineti ya Wavinya na tarumbeta ya bwana harusi. Nduku wa selo na Opiyo wa fidla walifanya mazoezi siku nyingine, ati sebule ni ndogo. Na kila mmoja alipewa karatasi ya sehemu yake tu.

Kitu kimoja kilimsumbua Absalom. Katikati ya muziki, mle ndani kulinyamaza. Kimya kirefu. Kisha klarineti ilimwita tena, pumzi imepungua.

“Bebi, pale katikati mnafanya nini?” alimuuliza Wavinya wakirudi Thika.

“Tunahesabu mapumziko. Kyengo ameandika kimya.”

“Kirefu hivyo?”

“Wewe umezoea bendi ya kanisa. Kwenu ni kupuliza tu mpaka amina. Kimya pia ni muziki, Absalom.”

Absalom akaona aibu. Kesho yake akamtumia ujumbe: “Nimekifikiria kile kimya. Ndicho kizuri kuliko yote.”

Akajibiwa: “Hata mimi nakipenda sana ❤”

Jumamosi kabla ya harusi, wote watano wakakutana kwenye ukumbi wa kanisa, Ngoingwa. Absalom, kama kawaida, nje, nyuma ya ua wa michongoma. Muziki ukaanza. Piano ikatiririka, selo ikaguna, fidla ikapanda. Absalom akakingoja kile kimya.

Hakikuja. Klarineti ilimwita, ikapita, na yeye bado anangoja. Akaingia ndani.

“Shemeji, umepitwa!” Kyengo akasema.

“Nilikuwa nangoja kimya.”

Nduku akainua uta wake wa selo. “Kimya gani?”

“Cha katikati. Kabla klarineti haijaniita.”

“Pale? Ndugu yangu, pale piano haipumziki hata kidogo. Na Wavinya ndiye anatuongoza sote.”

“Labda masikio yameingia nyasi huko nje,” Opiyo akatania.

Alicheka peke yake. Wavinya alikuwa anapangusa klarineti iliyokuwa kavu.

“Kyengo,” Absalom akasema polepole, “hebu pigeni pale katikati vile mnavyopiga Jumatano.”

Vidole vya Kyengo vikakaa juu ya piano. Havikushuka.

“Aki, Absalom, tuongee nje,” Wavinya akasihi.

“Nje nimekaa vya kutosha.”

“Hatukupanga iwe hivi...”

“Mlinipanga mimi! Nisimame kule nipulize, mkinisikia mjue bado niko mbali.”

“Shemeji, nisikize...”

“Shemeji wa nani?”

Nduku akamgeukia Wavinya. “Na gauni lako la harusi nimelishona kwa mikono yangu! Ulikuwa unasimama hapo nakupima kiuno, unatabasamu!”

Wavinya akaanza kulia. Absalom akamtazama, akachukua tarumbeta, akatoka bila kufunga mlango.

Wavinya hakumkimbilia. Akaweka klarineti mdomoni, akamwita kwa sauti ile ile ya muziki wao.

Tarumbeta ikajibu, kutoka nyuma ya michongoma. Wavinya akafuta machozi, akamwita tena. Ikajibu, lakini sasa kutoka barabara kuu. Akaita kwa nguvu zaidi. Jibu likaja jembamba kama uzi, na watu wa Juja mpaka leo wanaapa walilisikia likipita kwao.

Akaita mara ya nne. Wakasikiliza wote. Hata mbwa hakubweka.

Nduku akaanza kulegeza nyuzi za uta wake.

“Haya, hesabu sasa,” akamwambia Wavinya. “Hicho ndicho kimya.”