Kuku Aliyependa Waya

Kila Nyanjige alipobandika maharage, kuku mweupe alikuja kulala juu ya pamba. Maharage yakiiva, kuku aliondoka zake.

Nyumbani kwao, pale Dutwa, pamba yote ya msimu ilirundikwa sebuleni ikisubiri kuuzwa. Moto wa kuni haukuruhusiwa hata kukaribia mlango. Lakini jiko la umeme halina moshi wala cheche. Basi Malimi, mume wa Nyanjige, alichomeka ekstensheni ukutani, akaupitisha waya wake chini ya pamba hadi jikoni. Waya uliozidi aliuviringa, akaufukia humo humo ili watoto wasijikwae.

"Baba Ngassa, huyu kuku anajuaje kwamba napika?" Nyanjige alimuuliza mumewe.

"Anasikia harufu."

"Mbona haji jikoni?"

Malimi akacheka. "Muulize mwenyewe. Mimi sijui kikuku."

Nyanjige hakuridhika. Alimwinua kuku, akaingiza mkono pale alipolala. Akautoa haraka. Pamba ilikuwa ya moto!

"Yesu wangu!"

Alizima jiko, akamkimbilia jirani yao Winnie, fundi wa umeme. Winnie alipofika alizima soketi ya ukutani kwanza. Kisha wakafukua pamba. Plastiki ya waya ilikuwa imelainika, mizunguko imeanza kugandana.

"Kungekuwa na hatari, umeme ungejikata," alisema Malimi. "Tuna swichi ya usalama kwenye bodi."

"Baba, ile inalinda nyaya za ukutani, ambazo ni nene. Huu mwembamba inaweza kuuacha uungue," alisema Winnie, akamgeukia Nyanjige. "Mayu, mama yangu, hebu soma hapa."

Nyanjige alisoma polepole lebo ya ekstensheni, kisha ya jiko. Ekstensheni: mwisho wati 1,000. Jiko: wati 2,000.

"Kumbe tumemfunga ndama jembe la maksai!"

"Ndiyo, mayu. Tena kuuviringa na kuufunika kumeuzidishia joto."

Malimi aliitazama pamba. Hakucheka tena. "Mwaka wetu wote ulikuwa umelala juu ya waya huu," alisema.

Winnie aliweka soketi jikoni, kwa waya mnene unaolitosha jiko. Ule wa zamani aliukatakata, asije mtu akautumia. Pamba ikasogezwa mbali na nyaya.

Siku iliyofuata maharage yalibandikwa. Kuku akaja, akalala juu ya pamba. Akajigeuza. Akajigeuza tena. Mwisho akasimama, akatoka nje akilalamika.

"Umemnyima raha mwenzio," alisema Malimi.

"Akaote jua," alijibu Nyanjige.

Walipoketi kula, Nyanjige aliomba: "Asante Mungu kwa chakula hiki. Na kwa kuku."

"Amina," alisema Malimi, kwa sauti kubwa kuliko wote.