Kinacholia Kwenye Matete

Kulikuwa bado giza la alfajiri. Jikoni kifuniko cha sufuria kilitikisika, tik, tik. Kisha nyuma ya nyumba, kwenye matete, kitu kikaguna. Mmmmh. Mmmmh.

"Mama, umekisikia?" mkwe wangu alininong'oneza, amemkumbatia mtoto.

"Nimekisikia, mwanangu."

"Kimesogea tena. Mimi na mtoto tunahama leo."

Mumewe, yaani mwanangu fundi seremala, alikuwa akikata matete kila siku ili kitu hicho kikose pa kujificha. Lakini kadiri alivyokata, ndivyo kilivyokaribia. Sasa maji ya mto yalifika kizingitini. Kwenye tope palikuwa na nyayo za vidole virefu, vyembamba.

"Hahami mtu. Nachoma yote!" alisema mwanangu, akatoka na kiberiti. Tukamfuata.

Mlinzi wa hifadhi, mwanamke kijana, akatokea kwenye ukungu.

"Shikamoo, bibi. Kaka, weka chini kiberiti hicho. Hapa panalindwa, na humo mna watoto."

Mkwe wangu akamkaza mtoto kifuani. "Watoto wa nani?"

"Wa ndege, dada. Njooni taratibu."

Akanishika mkono, akapunguza mwendo ili niende naye sawa. Akanyoosha kidole. Niliona matete tu. Kisha tete moja likafumbua jicho.

Alikuwa ndege mkubwa, ana michirizi kama majani makavu, mdomo ameuelekeza juu. Koo likamvimba. Mmmmh.

"Basi mbona anatufuata?" mkwe wangu aliuliza.

"Hawafuati ninyi, anafuata samaki. Mto huu hujaa na kupwa pamoja na bahari. Matete hushika tope na kupunguza nguvu ya maji. Mkiyakata, maji huingia hadi mlangoni, na samaki huja nayo."

Mwanangu akajikuna kichwa. "Kumbe mlango nimeufungua mwenyewe."

"Tena kwa panga ulilolinoa usiku kucha," mkewe alimtania. Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku nyingi kumsikia akicheka.

Maji yalipokupwa, mlinzi alituonyesha jinsi ya kupanda vipande vya mizizi ya matete palipokatwa. Alichafuka tope hadi magotini, hakulalamika.

Mvua zilipopita, matete yalikuwa yamesimama tena. Kizingiti kilikauka. Samaki wadogo walijaa kwenye mashina, na hakuna aliyehama.

Sauti bado inakuja alfajiri. Jana mlinzi alikuja kutujulia hali, na alipotuaga, mkwe wangu alimsindikiza hadi njiani.

"Dada, bado naogopa kidogo," alimwambia. "Njoo tena utuone."