Kidoti Chini ya Jicho

Mchoraji alikiona asubuhi, chai yake haijapoa bado. Chini ya jicho la kushoto la kijana aliyekuwa kwenye tableti palikuwa na kidoti cheusi ambacho yeye hakukichora. Akakifuta. Akageuka kuchukua kikombe, na alipotazama tena kidoti kilikuwa pale pale.

"Programu hizi nazo zina wazimu wake," akasema peke yake.

Kazi yake ilikuwa kugeuza picha za simu kuwa michoro. Alipaka rangi juu ya picha ya mteja, tabaka juu ya tabaka, mpaka aliyeiagiza atoe leso. Walimsifu kwamba michoro yake inaliza.

Kijana huyu alikuwa mtoto wa kwanza wa mama mmoja mshonaji, na alikufa kwa ajali ya pikipiki. Picha pekee iliyobaki ilimwonyesha ameinama, uso umejaa ukungu.

"Nataka aniangalie," mama alisema. "Basi. Aniangalie kama ananijua."

Ili apate uso, mchoraji aliomba kumpiga picha dada wa marehemu, maana ndugu hao walikuwa kopi moja. Binti alikuwa mcheshi, na mtaa mzima ulimwita Kidoti kwa sababu ya alama chini ya jicho lake.

"Chukua pua yote, dada," alimwambia mchoraji. "Masikio niachie, yananishikia miwani."

Walicheka wote isipokuwa mama.

Tangu hapo, kila alipofunika cherehani yake, mama alikuja kukaa mbele ya kioo cha tableti akiita jina la marehemu kwa sauti ya chini, kama anayembembeleza mtu atoke chumbani. Chumba kikaanza kunuka udongo mbichi. Mchoraji alifungua madirisha, akasugua sakafu. Harufu ilikuwa inatoka kwenye tableti.

Kisha mchana mmoja Kidoti alikuja peke yake, mtandio umefunika nusu ya uso.

"Dada, nitazame."

Akaushusha. Chini ya jicho ngozi ilikuwa tupu. Maneno yalimtoka mdomoni bila mashavu kusogea, kama mtu aliyetoka kung'olewa jino na ganzi bado imemkalia.

"Nimejaribu kucheka. Uso hauji."

"Umemwambia mama?"

"Hanitazami. Tangu uanze hiyo picha hajanitazama."

Mchoraji akaiwasha tableti, na kijana aliyemwacha jana amefunga mdomo sasa alikuwa anatabasamu, tabasamu la Kidoti lenyewe, na mashavu yakapanda taratibu mbele ya macho yake huku harufu ya udongo ikimjaa kooni. Akashika kalamu ya kufutia, akaipitisha kwenye shavu la picha. Nyuma yake Kidoti alianguka ameshika shavu lake, na damu ikapita kati ya vidole.

Hakuthubutu kufuta tena. Alimwita mganga, mwanamke mtu mzima asiye na maneno mengi, naye akaagiza mama aitwe.

"Huyu si marehemu," mganga alisema, macho kwenye kioo. "Huyu ni jini. Ameitwa kwa jina la mtu, akaitika, na sasa anajijengea uso. Siwezi kumtoa mimi. Aliyemwita ndiye atakayemkataa. Mama, nitasoma. Nikinyamaza, mnyooshee kidole useme: huyu si mwanangu. Ukishasema, atatoka."

Mama akaitikia kwa kichwa.

Mganga akaanza kusoma, na kadiri alivyosoma ndivyo mwanga wa jua ulivyofifia dirishani ingawa nje palikuwa peupe na watu walikuwa wanapita, na kutoka kwenye tableti ikaja pumzi ya mtu anayepanda ngazi, karibu, karibu zaidi, mpaka kioo kikaingia ukungu kwa ndani na sauti ya kijana, ile ile ambayo mama hakuwa ameisikia tangu siku ya ajali, ikasema polepole, "Mama, unanifukuza?"

Mganga akanyamaza.

"Mama," Kidoti akanong'ona. Alitaka kulia na uso ulimkatalia. "Mama, mimi niko hapa."

Mama alimtazama mwanawe kwenye kioo, amenawiri, macho yamejaa machozi. Kisha, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, akamtazama binti yake, uso mkavu kama sahani iliyooshwa. Kidole chake kikanyanyuka, kikaipita tableti, kikasimama mbele ya Kidoti.

"Huyu si mwanangu."

Mganga aliruka kumziba mdomo, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Kidoti hakuanguka. Alijifunika mtandio, akavaa viatu, akatoka kama mgeni aliyekosea nyumba. Mchoraji alimkimbilia hadi barabarani, akamshika mkono.

"Samahani," binti alisema kwa upole. "Tunajuana?"

Akauchomoa mkono, akaenda zake.

Ndani, mganga alikuwa anafunga mkoba wake.

"Mrudishe," mchoraji akamwomba.

"Nimrudishe vipi? Aliyekataliwa ameshatoka."

Mama mshonaji alikuwa ameipakata tableti, anaifuta vumbi kwa pindo la gauni.

"Mwanangu," akamwuliza mchoraji bila kuinua macho, "chaji yake huwa inakaa muda gani?"